Sekunde Moja Bila Uzito

Kwenye kona ya Surf Avenue na West 10th Street, Brooklyn, New York, njia ya mbao iliyobebwa na nguzo za chuma inapanda, inaporomoka, inapinda, kisha inapanda tena. Ndiyo Cyclone, rola kosta iliyofunguliwa Juni 1927 kando ya ufukwe wa Coney Island. Kilele chake kina mita 26 tu. Treni yake ikikimbia kwa nguvu zake zote haifiki kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao mabasi yetu ya mikoani huufikia bila aibu huku abiria wakikoroma. Hata hivyo, kwa karibu karne nzima watu wamekuwa wakitoa pesa kupanda Cyclone. Wanashuka miguu ikitetemeka, na wengi wao wanarudi moja kwa moja kwenye foleni.

Wanalipia nini? Ukiwauliza watasema wanapenda mbio. Nadhani hawasemi kweli, ingawa hawakusudii kudanganya. Mbio mwili hauzijui. Ndani ya ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa unakunywa chai na kikombe hakitikisiki. Wanacholipia kiko juu ya kila nundu, pale ambapo kiti kinawatoka chini, tumbo linapanda kuelekea kifuani na mikono inajiinua yenyewe. Ni sekunde moja, zikizidi sana mbili, ambazo uzito wa mwili haupo.

Hapa inabidi kurudi kwenye jambo ambalo shuleni lilipitiwa haraka. Uzito wetu sisi hatuuhisi. Dunia inatuvuta usiku na mchana, na inavuta kila chembe ya mwili kwa pamoja, nywele na mifupa, damu na ini. Kwa kuwa inavuta vyote sawasawa, hakuna kinachobanwa na kingine, na pasipo kubanwa hakuna cha kuhisi. Tunachokihisi ni kile kinachotuzuia tusianguke: sakafu inayosukuma nyayo, kiti kinachosukuma makalio, godoro linalosukuma mgongo. Kikiondolewa kiti, Dunia itaendelea kukuvuta vilevile bila kupunguza hata chembe, ila wewe utajiona mwepesi kabisa.

Aliyelichukua jambo hili kwa uzito unaostahili alikuwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, mwaka 1907. Albert Einstein alisimulia baadaye, katika mhadhara alioutoa Kyoto, Japani, Desemba 1922, kwamba alikuwa amekaa kitini ofisini wazo lilipomjia ghafla: mtu anayeanguka bila kuzuiwa hausikii uzito wake mwenyewe. Wazo hilo lilimshtua, na baada ya miaka minane ya hesabu ngumu likamfikisha kwenye nadharia ya jumla ya uhusianifu. Sidhani kama abiria wengi wa Cyclone wanajua kwamba wanapopiga kelele wamo ndani ya wazo hilo.

Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya Mwezi akiwa na nyundo mkono mmoja na unyoya wa kozi mkono wa pili, akaviachia kwa pamoja. Vikagusa ardhi kwa wakati mmoja, kwa sababu huko hakuna hewa ya kuuchelewesha unyoya. Kwenye rola kosta mambo ni hayohayo. Abiria, kiti, miwani na simu iliyosahauliwa mfukoni vyote vinaanguka kwa mwendo mmoja, na hakuna kinachoegemea kingine. Ndiyo maana kabla ya kupanda watu huambiwa watoe kila kitu mifukoni. Simu haitupwi na mtu. Imeacha tu kukandamizwa ndani ya mfuko, na upepo unamalizia kazi iliyobaki.

Wanaochora rola kosta wanaijua sekunde hiyo kwa hesabu. Treni inapofika juu ya nundu inataka kuendelea mbele kwa mstari ulionyooka, lakini reli inapinda kwenda chini. Jiwe likirushwa hewani hufuata njia ya mpindo maalumu ambayo Galileo Galilei aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638, nayo ni parabola. Reli ikichongwa ifuate parabola ileile ambayo treni ingeifuata kama ingerushwa, treni inakuwa haina haja ya kubebwa, na abiria vilevile. Kwa mfano, treni inayovuka nundu kwa kilomita 72 kwa saa inahitaji kilele chenye mpindo wa nusukipenyo cha mita 41 hivi ili uzito wa aliyemo ufike sifuri. Mpindo ukiwa mpana zaidi, unabaki na uzito kidogo. Ukiwa mkali zaidi, treni inateremka haraka kuliko binadamu anavyoweza kuanguka, hivyo yeye anabaki juu. Makalio yanaachana na kiti, na kizuio cha chuma kilicholala mapajani ndicho kinachomvuta kumrudisha chini. Mashabiki waliokubuhu huifuata hali hii ya pili hata ikabidi kusafiri mabara.

Sasa tuutazame mwili wenyewe, maana humo ndimo sinema inamochezwa. Ndani ya sikio, nyuma kabisa ya ngoma, kuna vifuko viwili vidogo. Kila kifuko kina utando laini uliobeba chembechembe za chokaa, na chini ya utando zimo seli zenye vinyweleo. Ukiinamisha kichwa, chembe hizo zinauvuta utando upande mmoja, vinyweleo vinapinda na ubongo unapata habari kwamba chini ni huku. Mwili unapoanguka, chembe zile nazo zinaanguka pamoja na utando wake. Haziegemei popote. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, ubongo unauliza chini ni wapi na haujibiwi.

Tumboni kuna kisa kingine. Utumbo haukugandishwa mahali pamoja. Umening'inizwa kwa utando kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo, na sehemu yake kubwa inakaa kwa kuegemea vilivyo chini yake. Misuli na neva za hapo zimezoea mzigo huo tangu tulipozaliwa, kiasi kwamba hatuna habari nao. Mzigo ukitoka ghafla, neva zinashtuka, na hapo mtu husema tumbo limemjia kooni. Halijaenda mbali hivyo, ila kujua hivyo hakumsaidii mtu aliye juu ya nundu.

Hofu inayofuata haikufundishwa na mtu. Kila mama aliyewahi kumlaza mtoto mchanga anaijua: kichwa kikienda nyuma kidogo tu kabla hakijafika kwenye mto, mtoto anatupa mikono pande zote mbili, vidole vimetanuka, kisha anaikunja kama anayetaka kukumbatia, halafu analia. Daktari wa watoto Ernst Moro aliueleza mshtuko huu nchini Ujerumani mwaka 1918, na hadi leo wakunga na madaktari wanautazama kwa kila mtoto mchanga ili kujua kama neva zake ziko sawa. Baada ya miezi kadhaa unapotea. Sijui kama umepotea kweli au umejificha tu. Ukitazama picha zinazopigwa na kamera za bustani za michezo pale treni inapoporomoka, utaona watu wazima wenye kazi na vyeo, mikono imetupwa pande zote na vidole vimetanuka.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1884, palepale Coney Island, LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya kuteleza, ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa mwanzo wa rola kosta za Marekani. Nauli ilikuwa senti tano. Abiria walikaa kwenye benchi lililoelekea upande, kama watu wanaotazama mandhari, na mwendo ulikuwa wa kilomita kumi hivi kwa saa. Mtu mwenye afya nzuri angeweza kukimbia kando yake. Palikuwa na vijinundu, lakini hakuna aliyeachana na kiti.

Mwaka 1895 Lina Beecher alikwenda upande wa pili kabisa. Flip Flap yake, hukohuko Coney Island, ilipindua watu kichwa chini miguu juu ndani ya duara kamili la kipenyo cha mita saba na nusu hivi. Duara kamili ni kosa la uchoraji. Treni inaingia kwa kasi chini na inalazimishwa kupinda papo hapo, na uzito wa abiria huzidishwa mara nyingi. Inakadiriwa kwamba ulifika mara kumi na mbili ya kawaida. Shingo ziliumia. Watu waligundua kuna raha zaidi kununua tiketi ya kuwatazama wengine. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1976, pale mhandisi Mjerumani Werner Stengel alipochora mzunguko wenye umbo la tone la maji kwa ajili ya Revolution huko California, ndipo kupinduka kukawa jambo la kawaida.

Ila mtu ninayemvulia kofia katika habari hii ni John Miller, fundi aliyejipatia hataza zaidi ya mia moja na ambaye jina lake halijulikani nje ya duara la mashabiki. Kabla yake treni ilikaa juu ya reli kwa uzito wake tu. Nundu ikiwa kali, treni ingeruka na isirudi, kwa hiyo wachoraji walilazimika kuzilainisha nundu zote. Mwaka 1919 Miller alisajili magurudumu ya ziada yanayokaa chini ya reli na kuishika kwa chini. Tangu hapo treni haina njia ya kuruka hata ikitaka. Inavutwa kwenda chini na reli yenyewe, na abiria ndiye pekee anayebaki akielea. Ile sauti ya tak-tak-tak unayoisikia treni ikivutwa na mnyororo kwenda kileleni ni kazi ya Miller pia. Ni meno ya chuma yanayozuia behewa lisirudi nyuma mnyororo ukikatika. Cyclone ilijengwa miaka minane baada ya hataza ya magurudumu, katika muongo uliojaa rola kosta za mbao kote Marekani, na bila magurudumu hayo nundu zake zisingethubutu kuwa zilivyo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asiyewahi kufika huko asidhani ameachwa nje. Panda daladala au matatu, kaa kiti cha nyuma kabisa, halafu dereva asilione tuta. Aliyekaa mbele atatikisika tu, wewe wa nyuma utagonga paa. Kwenye basi sababu ni kwamba viti vya nyuma vimekaa nyuma ya ekseli, hivyo vinarushwa zaidi. Kwenye rola kosta sababu ni nyingine lakini ushauri ni uleule. Behewa la mbele linavuka kilele polepole kwa sababu mengine bado yako nyuma yanapanda na kulizuia. Likishaanza kuporomoka linaanza kuyavuta yaliyobaki, na behewa la mwisho linafika kileleni treni yote ikiwa tayari ina haraka. Linavutwa kupita kilele kama lililofungwa kamba, na waliomo wanaachwa hewani. Kiti cha mbele kina mandhari na upepo. Anayetaka kuelea akae nyuma.

Kuna ushahidi wa kitabibu juu ya hili, na ni wa kuchekesha. David Wartinger, profesa mstaafu wa Michigan State University, alisikia wagonjwa wakimwambia kwamba vijiwe vya figo viliwatoka baada ya kupanda Big Thunder Mountain katika bustani ya Disney huko Florida. Badala ya kucheka, alitengeneza figo ya silikoni, akaijaza mkojo na vijiwe halisi, akaitia kwenye begi na kupanda nayo mara 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Figo ilipokaa viti vya mbele, vijiwe 4 kati ya 24 vilitoka. Ilipokaa nyuma, vilitoka 23 kati ya 36. Mwaka 2018 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaomfanya mtu acheke kwanza na kufikiri baadaye. Big Thunder Mountain, izingatiwe, ni treni ya mwendo wa wastani inayopendwa na familia.

Ndiyo maana mashindano ya kasi na kimo yananichosha. Formula Rossa, iliyofunguliwa mwaka 2010 katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, inafyatuka hadi kilomita 240 kwa saa chini ya sekunde tano, na abiria huvalishwa miwani ya kuzuia mchanga na wadudu. Waswahili wengi wanaoishi na kufanya kazi Imarati wameipanda, na wanarudi na hadithi ya kukandamizwa kwenye kiti. Hiyo ni kinyume cha kuelea, maana unaongezewa uzito mgongoni. Mfano mzuri zaidi uko New Jersey, katika bustani ya Six Flags Great Adventure. Mwaka 2005 ilifunguliwa hapo Kingda Ka, yenye kimo cha mita 139 na kasi ya kilomita 206 kwa saa, wakati huo ndefu kuliko zote duniani. Mwaka uliofuata ikafunguliwa El Toro, ya mbao, mita 55 tu. Kingda Ka ilipata mabango na rekodi. El Toro ilipata wapenzi, kwa sababu nundu zake zinamnyanyua mtu kitini kwa nguvu na kumshikilia hapo. Februari 2025 Kingda Ka iliangushwa kwa baruti. El Toro iliachwa imesimama.

Tatizo la rola kosta yoyote ni kwamba ardhi iko karibu. Mtu akiangushwa mita 20 anatumia sekunde mbili, na mwisho wake anakwenda kilomita 70 kwa saa, kwa hiyo lazima apinduliwe juu tena mapema. Wanaohitaji muda mrefu zaidi wanajenga mnara. Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, kina mnara wa mita 146 ambao ndani yake kuna bomba lililonyonywa hewa yote. Kapsuli ya majaribio inaangushwa humo mita 110 na kupata sekunde 4.74 za kutokuwa na uzito kabla haijatumbukia kwenye chombo kilichojaa chembe za plastiki nyepesi. Tangu mwaka 2004 wameongeza manati chini yake. Kapsuli inarushwa juu kwanza, kisha inaanguka, na muda unakaribia kuwa maradufu. Wengi hushangaa kwamba inakuwa haina uzito hata ikiwa bado inapanda. Lakini jiwe lililorushwa halina kinacholibeba tangu linapoachwa na mkono, na watoto wanaobembea kwenye viwanja vya sikukuu ya Idi wanalijua hilo, maana bembea ikipandishwa juu sana kamba hulegea kabla haijaanza kurudi.

Ndege nayo inaweza kuwa rola kosta. Kutoka Bordeaux, Ufaransa, huruka Airbus A310 ambayo zamani ilikuwa ndege ya serikali ya Ujerumani. Rubani anaipandisha hadi mwinamo wa nyuzi 50, anapunguza nguvu ya injini na kuiacha ifuate parabola. Kwa sekunde 22 kila kilichomo kinaelea, kisha wote wanarudi sakafuni na uzito karibu maradufu. Safari moja ina parabola 31. Wanasayansi hupanda na majaribio yao, na dawa ya kichefuchefu. Sinema ya Apollo 13 ya mwaka 1995 ilipigwa kwa namna hiyohiyo ndani ya ndege ya NASA, vipande vifupivifupi, ndiyo maana kalamu zinazoelea humo zinaelea kweli. Na Aprili 2007 Stephen Hawking, aliyekuwa na miaka 65 na ambaye kwa miongo mingi hakuweza kuinuka kwenye kiti chake cha magurudumu, alipandishwa Boeing 727 huko Florida. Alipewa parabola nane. Picha zake akiwa hewani zinaonyesha mtu anayetabasamu kwa misuli michache aliyobakiwa nayo.

Ukitaka kuanguka bila kukoma, inabidi ardhi ikukwepe. Kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kilomita 400 juu yetu, uvutano wa Dunia bado ni asilimia 89 hivi ya ule wa Kariakoo. Haujaisha, kinyume na inavyosemwa. Ila kituo kinakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kila sekunde kinaanguka zaidi ya mita nne, na katika sekunde hiyohiyo mgongo wa Dunia umejipinda chini yake kwa kiasi kilekile. Pwani yetu ina sehemu yake katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, iliyopewa jina Uhuru. Ilianguka kuizunguka Dunia kwa zaidi ya miaka minane, hadi mwaka 1979 hewa nyembamba ya juu ilipoimaliza.

Na wanaanga, waliopewa kwa miezi kile ambacho mtu wa Coney Island hukipata kwa sekunde, wanaishije? Zaidi ya nusu yao huugua siku za mwanzo. Masikio yanasema hakuna chini, macho yanaona sakafu na dari, na tumbo linaamua kutapika. Wakizoea, shida inahamia kwenye mifupa. Nyonga na miguu, visivyobebeshwa chochote, hupoteza madini kwa asilimia moja hivi kila mwezi. Kwa sababu hiyo kila siku wanatenga takriban saa mbili za mazoezi. Kwenye mashine ya kukimbilia wanavaa mkanda wa mabegani na kiunoni uliofungwa kwa kamba za mpira, unaowavuta kwenda chini hadi nyayo zikandamizwe sakafuni. Wengi wanalalamika kwamba mkanda huo unawachuna mabega.